Kajitolea Yeye, Tumepeta Sisi

Nyumbani kwetu aliyejitolea ni mmoja, Baba Watoto. Waliofanya kazi ni sisi wengine wote, kuanzia mama mkwe aliyevuka miaka sabini mpaka kitindamimba wangu wa darasa la pili.

Kikundi chenyewe hakina makuu. Ni watu wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, waliokubaliana kuwaangalia wazee wasio na ndugu, wajane, na wagonjwa wa siku nyingi. Ofisi hawana, gari hawana. Wana daftari kubwa lenye jalada jeusi, na mhuri ambao katibu hulala nao chini ya mto. Mwaka mzima kazi yao ni ya kimyakimya. Mzee apelekwe hospitali kwa bajaji. Bibi apigiliwe bati moja kabla ya masika. Mwingine asindikizwe kufuatilia kitambulisho, maana sera inasema mzee wa miaka 60 asiyejiweza atibiwe bure, lakini mtu aliyezaliwa kijijini mwaka wa nzige atathibitishaje kwamba ana 60? Basi hukaa naye kwenye benchi, humsemea dirishani, hurudi naye jioni, na kesho huondoka naye tena. Kwa hayo mimi sina neno. Mume akiamka Jumamosi kwenda kumbeba mzee wa watu, mke atasema nini? Utasema Mungu akulipe, urudi kwenye karai lako la nguo.

Neno lilikuja Ramadhani, kikao kilipojadili fitri za mtaa zikusanyiwe wapi. Stoo ya msikiti imejaa majamvi na jeneza. Kwa mwenyekiti kuna mgonjwa. Katibu amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto wanne. Ndipo Baba Watoto, mweka hazina, alipofungua mdomo. Nimeyasikia maneno yake kwa watu zaidi ya mmoja, na hakuna aliyeyapunguza wala kuyaongeza: "Kwangu sebule ipo tu."

Ipo tu! Sebule yenye seti ya makochi niliyoinunua kwa pesa za upatu, nikisubiri zamu yangu mwaka mzima huku nikila dagaa.

Mwenyewe hakuniambia hivyo. Alikuja akafuturu, akashushia maji, akarudisha kikombe kwenye sinia kwa adabu.

"Mama watoto, uji wa leo pilipili manga imekaa sawasawa."

Mwanamume akisifu uji bila kuulizwa, mwanamke mwenye akili zake huacha anachofanya.

"Sema."

"Kikundi kimeomba pa kuweka vimchele kidogo. Siku mbili tatu tu."

Nikamtazama mama mkwe, nikitegemea atanitetea. Yeye akasema sadaka haigeuziwi mlangoni, mkwe wangu, waache walete. Neno hilo alikuja kulijutia kabla ya Ramadhani kwisha, na nilihakikisha halisahau.

Kwa asiyejua mambo ya fitri, hesabu yake ni hii. Kila Mwislamu mwenye chakula kinachomtosha siku ya Idi kikabaki, hutoa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali alipo, kwa ajili yake na kwa kila anayemlisha. Pishi ni vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu hivi. Nyumba ya watu wanane, hizo ni kilo 20. Na lazima imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idi. Ikichelewa, inakuwa sadaka ya siku zote. Wapo wanaotoa fedha na wapo masheikh wanaozikubali, lakini mtaa wetu ni wa Shafi na ni wa mchele. Zidisha kilo 20 kwa milango ya Ngamiani, kisha uje uitafute sebule yangu.

Makochi yalihamia barazani. Televisheni ilifunikwa kwa kanga. Watoto wa mtaa walianza kumiminika na vifuko, kila mmoja na ujumbe wake mdomoni: mama kasema tuko saba, baba kasema tuko watano na bibi wa Pangani, mama kasema tuko sita na mmoja yuko tumboni. Huyo wa tumboni alimtoa Baba Watoto mbio mpaka kwa Maalim, kuuliza aandikwe au asiandikwe. Jibu likaja kwamba akizaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama analipiwa, akibaki tumboni hana deni. Kwenye daftari lile jeusi, mkabala na jina la mama yake, kukaandikwa kwa kalamu ya risasi: "Tusubiri."

Mtu anayepokea fitri za watu huwajua watu. Huyu analeta mchele wa Mombo uliochambuliwa punje kwa punje, na yeye mwenyewe anauza mihogo ya kukaanga kituoni. Yule, ambaye harusi ya bintiye tulikula pilau ya mchele wa Kyela mpaka tukapumulia juu juu, anamtuma mfanyakazi na chenga. Chenga, waungwana! Siku mwenyewe alipopita kuulizia kama fitri yake imeandikwa nilimtazama usoni, naye akatazama televisheni, iliyofunikwa kanga.

Upande wa pili, chini ya dirisha, kulikuwa na lundo jingine ambalo halikuwa fitri. Fitri, walivyotufundisha walimu wetu, ni haki ya Waislamu wahitaji. Lakini wazee wa kikundi si Waislamu watupu, na kikundi hakikutaka sikukuu ipite juu ya paa la mtu kwa sababu ya dini yake. Kwa hiyo kulikuwa na sadaka, anayotoa yeyote kumpa yeyote, na jirani yetu muuza chapati, Mkatoliki, ndiye aliyelianzisha lundo hilo kwa ndoo nzima. Malundo mawili, daftari kurasa mbili, na katikati njia nyembamba ya kupita kwenda uani. Baba Watoto alisisitiza kila usiku: "Visichanganyike." Alisisitiza akiwa amelala chali.

Mmoja wa watu wa lundo la dirishani ni mzee wa Kasulu, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Alitoka kwao kabla ya Uhuru, kijana asiye na ndevu, akapandishwa treni na waliokuwa wakitafuta watu wa mkonge, akaletwa huku kuwa manamba. Siku hizo hakuna nchi iliyoifikia Tanganyika kwa mkonge. Mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baadaye mengine yakaachwa yakaota pori. Waliokata majani yake walibaki palepale, bila shamba na bila nauli. Babu amezika mke hapa, amezeeka hapa, na huko Kasulu waliomjua kwa sura wamekwisha. Ukimuuliza habari za mkonge hakasiriki. Atakuambia tita ni majani 30, si 29, na nyapara alikuwa anahesabu.

Miguu ya Babu imekataa. Kikundi kilikuwa kimempatia kitimwendo, kilichotumika lakini kizima, na chenyewe nacho kilikuwa sebuleni kwangu, kikisubiri fundi wa baiskeli akiwekee mpira mpya wa nyuma. Kuhusu kitimwendo hicho nitakuja kusema.

Katikati ya mwezi alikuja mfadhili. Jina silitaji, yeye mwenyewe anajijua. Alikuja na magunia ya mchele, bango lenye picha yake, na kijana mwenye kamera. Wazee wakaitwa, wakapangwa barazani kwangu kwenye makochi yangu, kila mmoja akapakatishwa mfuko. Kulikuwa na bibi wa barabara ya juu asiyeona, mdogo wa umbo, ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Kijana akamwomba ainue uso.

"Picha ya nini, mwanangu?"

"Ya kumbukumbu, bibi."

"Nitaikumbukaje mimi, nisiyoiona?"

Kamera ikashuka. Mfadhili akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akampa bibi mkono, picha ikapigwa hivyohivyo, mifuko ikarudishwa ndani kungoja siku ya ugawaji. Mtu wa kikundi anajua kwamba picha hizi ndizo zinazoleta gunia la mwakani, na sitajifanya kuwa siujui ukweli huo. Lakini kumkalisha mzee mwenye swaumu juani saa nane mchana ili mchele uonekane vizuri, hilo kwangu si hisani.

Na gunia la mfadhili ndilo lililotumaliza.

Mwanzo tulidhani ni ufuta. Ilikuwa futari, sinia ya tambi za nazi iko katikati, nyeupe, na kitindamimba kasimamisha kijiko.

"Mama, tambi zinatembea."

Zilikuwa hazitembei tambi. Alikuwa fukusi, mmoja, mweusi mwekundu, na pua yake ndefu mbele, akipanda mlima wa tambi bila haraka. Wa pili alikuwa kwenye tende. Wa tatu tulimkuta kwenye ukingo wa kikombe cha mama mkwe, na hapo mama mkwe ndipo alipotamka maneno ambayo kwa mtu aliyefunga mchana kutwa hayakupaswa kutamkwa hata baada ya kufungulia. Tukawasha taa ya sebuleni. Gunia la mfadhili lilikuwa linatoa sauti. Ukiweka sikio unasikia: mchakacho mdogo, usiokoma. Wameshatoka humo wameingia kwenye fitri, wametoka kwenye fitri wameingia kwenye sadaka, na kutoka kwenye sadaka wamepita mlango wa jikoni mpaka kwenye mchele wangu mimi mwenyewe, niliouficha ndani ya ndoo yenye kifuniko.

"Ni wadudu tu," alisema Baba Watoto. Kisha akaondoka kwenda kuswali tarawehe, na siku hiyo alikaa msikitini mpaka wa mwisho.

Dawa ya fukusi ni jua. Hilo alijua mama mkwe, na kuanzia asubuhi ya pili amri ilitoka kwake. Majamvi yakaazimwa msikitini, mikeka ikaazimwa kwa majirani, nyungo zikatoka kila nyumba. Uani kwetu pakagawanywa: majamvi ni ya fitri, mikeka ni ya sadaka, mtu asivuke na punje mguuni. Wanawake tukakaa kupeta. Mchele unarushwa, pumba inaruka, fukusi wanaoshtuliwa na jua wanatoka mmoja mmoja, na watoto wamepewa majani ya mwarobaini ya kutandika chini ya magunia yatakaporudi. Muuza chapati alifunga biashara yake akaja kupeta nasi, ingawa hakuwa amefunga. Maji alikwenda kunywea kwake, kwa heshima yetu, na kila akirudi alisingizia kwamba amekwenda kutazama moto.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba fukusi wakilikimbia jua hawakimbilii hewani. Walikimbilia kivuli, na kivuli cha karibu kilikuwa sebule. Wakapanda kuta. Wakaingia nyuma ya televisheni. Wengine waliendelea moja kwa moja, wakatokea barazani, wakaingia kwenye mishono ya makochi yangu ya upatu. Mpaka leo, ukikaa kwenye lile kochi refu ukalipigapiga, ataibuka mmoja kukusalimu.

Halafu kuku. Halafu, wakati tunafukuza kuku, mvua.

Mwenye kuijua masika ya Tanga anajua haibishi hodi. Inatoka baharini, unasikia kishindo chake kwenye mabati ya nyumba za jirani, na ukigeuka iko kwako. Tuliruka wote. Mama mkwe alishika pembe ya jamvi na kitindamimba pembe ya pili. Muuza chapati alikunja mkeka mzima akaubeba kifuani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita zake na kapu la ndizi aliliacha kapu njiani akaja kusaidia, na jina lake hatukulijua mpaka baadaye. Kila mmoja alimwaga alichobeba mahali pa kwanza palipokuwa pakavu, na mahali hapo palikuwa katikati ya sebule.

Mvua ilipopungua tulikuwa tunalitazama lundo moja.

Baba Watoto, wakati huo, alikuwa kwenye kikao. Ajenda nimeisoma mwenyewe kwenye daftari: "Utunzaji wa mali ya kikundi." Alirudi na mwavuli, mkavu, akasimama mlangoni.

"Fitri ni ipi, na sadaka ni ipi?"

"Iulize mvua," mama yake akamjibu.

Akakaa kwenye kizingiti. Nikiri kwamba nilimwonea huruma, kwa muda mfupi. Mtu huyu kila usiku alikuwa anafunga hesabu za pishi mpaka nusu pishi, na sasa haki za watu zilikuwa zimelaliana sakafuni, zimelowa kingo. Akaitwa Maalim. Maalim akaja na kanzu yake imepandishwa juu ya tope, akavua viatu, akalizunguka lundo, akauliza swali moja.

"Daftari limelowa?"

"Halijalowa, Maalim."

"Basi mna wasiwasi gani? Daftari linasema fitri ni pishi kadhaa. Pimeni pishi hizo, wekeni nia, toeni. Kinachobaki ni sadaka. Mchele ni uleule, haukubadilika dini." Akaokota punje moja ya chenga, akaitazama kwenye mwanga. "Ila hii aliyetoa nani?"

Tukanyamaza. Heshima ya mtaa ni pamoja na kunyamaza.

Uliolowa ulikuwa na kazi yake. Mchele uliolowa haukai hata siku, unachacha, kwa hiyo Baba Watoto alipima kiasi kilichoharibika, akakifidia pishi kwa pishi kutoka kwenye ndoo yangu na gunia letu la akiba, nao ule wa maji tukautwanga. Ukawa unga wa vitumbua, ukawa mikate ya kumimina, futari baada ya futari, mpaka watoto wakaanza kuulizia ugali. Kwa hesabu yangu mimi, ambayo haimo kwenye daftari, nyumba yetu mwaka huo ilijitolea fitri mara kadhaa.

Tukafikiri yamekwisha. Tulikuwa tumesahau mwezi.

Hapa kwetu kuna wanaongoja mwezi uonekane nchini au kwa majirani na Mufti atangaze, na kuna wanaofuata mwezi popote utakapoonekana duniani, na hao aghalabu husikilizia Saudia. Nyumba nyingi huchagua moja. Yetu ina yote mawili: mama mkwe ni wa Mufti, na mwanawe mdogo, shemeji yangu, ni wa dunia nzima. Jioni ya mwezi 29, mama yuko chumbani na redio imebanwa sikioni; shemeji yuko uani na simu. Kikundi kilikuwa kimepanga kwa kutegemea thelathini, ugawaji uwe kesho yake usiku kwa nafasi. Shemeji akainua simu juu.

"Umeandama! Idi kesho!"

"Umeandama wapi?" mama akauliza kutoka ndani.

"Saudia, mama."

"Basi kaswali Saudia."

Kwa wale watakaoswali kesho, fitri yao ilipaswa kufika usiku uleule au alfajiri. Huwezi kumwambia mjane subiri, msikiti wako umekosea mwezi. Kikaamuliwa igawiwe yote iliyopo, kwa wote, usiku huohuo. Jikoni jiko moja lilikuwa na pilau ya shemeji na jingine daku ya mama yake, na mimi katikati nina mwiko mmoja.

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli zote za mtaa ziliitwa. Vijana walifunga vifuko nyuma kwa mipira, wakatawanyika kwenye barabara zetu za namba. Hazikutosha. Bajaji usiku ule nazo zilikuwa zinabeba watu wa kununua nguo za watoto, na nauli ilikuwa imepanda. Ndipo mwanangu mkubwa alipokitazama kitimwendo. Mpira ulishawekwa. Wakapakia mifuko mpaka kwenye mikono ya kiti, wakafunika na kanga yangu, na kwa mbali ungeapa ni mgonjwa mnene anakimbizwa hospitali. Watu walipisha njia. Mama mmoja aliwauliza amezidiwa tangu lini.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa Babu wa Kasulu. Walifika usiku mwingi, wakamgongea, wakateremsha mfuko wake, halafu wakamkabidhi na kiti chenyewe, kina vumbi la pumba mpaka kwenye magurudumu. Mwanangu akaanza kuomba radhi. Babu alikipapasa, akakisukuma mbele na nyuma, akasikiliza ekseli.

"Kimebeba magunia?"

"Ndiyo, Babu."

"Vizuri. Mimi kilo zangu hazifiki hamsini." Akataka aambiwe wamegawa mifuko mingapi, na walipomtajia akataka warudie kuhesabu.

Kwa bibi asiyeona alikwenda Baba Watoto mwenyewe, nami nikamfuata na taa. Tulimkuta macho, kaketi mkekani. Alipokea mfuko, akaupima kwa mkono, akashukuru. Kisha akasema tusiondoke. Akavuta kijungu chake cha uvunguni, chenye mchele tuliompelekea mwanzoni mwa mwezi, akatandika kitambaa, akaanza kuchota kwa viganja viwili vilivyoungana. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndicho kipimo cha asili, kabla ya makopo na mizani: viganja viwili vilivyojaa ni kibaba, vibaba vinne ni pishi. Akasita, akachota mara ya tano.

"Viganja vyangu vimesinyaa," alisema. "Isije ikapunguka."

Baba Watoto alimwambia kwa upole kwamba yeye ni wa kupokea. Bibi akamuuliza kama kesho ana chakula au hana. Akasema anacho. Akamuuliza kama kinabaki au hakibaki. Akasema kinabaki.

"Basi ziko wapi sababu zako? Niandike."

Ikabidi daftari litolewe, na kalamu, na bibi akasubiri mpaka aliposikia ukurasa unafungwa. Mchele ule tuliupeleka kwa jirani yake mwenye watoto, palepale, maana sikuwa tayari kuuona ukirudi sebuleni.

Shemeji akala Idi yake. Na siku ileile, saa za mchana, walianza kuja wa thelathini. Hodi, hodi, tumeleta fitri. Mama kasema tuko saba. Mama wa yule wa tumboni alituma habari kwamba amejifungua mvulana, alfajiri, kabla ya jua la mwisho kuzama kwa hesabu ya Mufti na baada ya kuzama kwa hesabu ya shemeji, na wakabishana mama na mwanawe mpaka baba wa mtoto alipoleta pishi yake akawaambia pokeeni tu. Lundo likaanza upya chini ya televisheni. Usiku baiskeli zikaitwa tena.

Sasa kikundi kimepata chumba kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kina kufuli na dirisha la nondo. Baba Watoto bado ni mweka hazina na bado sijamkataza. Kwa hiyo, msomaji wa Ngamiani na wa kwingineko mwenye kikundi mtaani kwako, Ramadhani ijayo leta mchele unaoula mwenyewe, uupete kwanza nyumbani kwako, uulete kabla ya mwezi 25, na uupeleke kule ofisini. Sebuleni kwangu makochi yamesharudi.